Mstari wa Kushukia

Sekela mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza bakuli mbili za uji kisha ukaulizia kama magimbi ya jana yamebaki. Mimi ni mzima, ila goti. Umeondoka na baiskeli kwenda Tunduma kukata tiketi ya basi la kesho, na mama yako yuko jikoni anakaanga karanga za safari kama vile Dar es Salaam hakuna karanga. Nimeona nitumie nafasi hii kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa mbele yangu sitasema. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikifungua mdomo inatoka habari ya mbolea.

Mambo ya nauli, ya neti, ya kutomwamini kila anayekuita dada, mama yako amekwisha kukuambia na kesho stendi atarudia. Huko sina la kuongeza. Mimi nataka kusema nawe juu ya kushuka kwenye baiskeli.

Siku kocha wako alipokuja hapa Ihanda kuniomba ruhusa, wewe ulitumwa dukani kununua soda, kwa hiyo hukusikia yote. Alinieleza hiyo traiathloni yenu, maana mimi nilidhani unakwenda kukimbiza baiskeli tu. Akasema mnakuwa watatu. Mmoja anaogelea baharini, akitoka majini anampokeza wa baiskeli, wa baiskeli akirudi anampokeza wa kukimbia, na saa inayohesabu ni moja kwa wote. Wewe ni wa katikati. Akakusifu mpaka nikaanza kuona haya.

"Mzee, huyu binti milima anaipanda kama anashuka," akaniambia. "Ndiyo kwanza anaanza na baiskeli ya mashindano, na wazoefu wanamtafuta kwa tochi. Ana shida moja tu. Kule mwisho kuna mstari umechorwa chini, lazima uwe umeshuka kabla hujauvuka. Wenzake wanahamishia mguu upande mmoja, wanaruka baiskeli ikiwa bado inatembea, wanaunganisha mbio. Yeye anafunga breki, anasimama kabisa kama anasubiri treni ipite, ndipo anashuka. Nimembembeleza, nimemfokea, haruki. Sijui anaogopa nini."

Nikamwambia hata mimi sijui. Ukaingia na soda, tukanywa, nikatoa ruhusa.

Nilikuwa najua, Sekela. Katika dunia hii nzima labda ni mimi peke yangu niliyejua, pamoja na wewe, na sina hakika kama wewe mwenyewe unajua.

Kabla sijafika huko, niseme lile la viatu, maana najua bado liko rohoni mwako. Ile siku uliporudi na vile viatu vya kunasa kwenye pedali, ukasimama getini, mguu ukagoma kutoka, ukaanguka ubavu kama gunia mbele ya majirani. Watu wote walicheka, na wewe ukacheka ukiwa chini. Mimi nikaja mbio nikakufokea. "Vua hivyo viatu! Hapa kwangu havivaliwi!" Ulinitazama kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Tangu siku hiyo unavivalia barabarani, ng'ambo ya mibuni, na mimi najifanya sioni. Mama yako akaniambia unasema baba anaudharau mchezo wako kwa sababu wewe ni msichana.

Siyo hivyo. Niliona mguu wa mwanangu umenaswa kwenye baiskeli na hautoki. Nilichokiona pale getini hakikuwa wewe.

Kaka yako Erasto unamkumbuka kwa sura, nadhani. Ulikuwa darasa la pili. Wakati ule mimi nilikuwa nabeba mizigo kwa baiskeli, mahindi na kahawa, kutoka huku kwetu mpaka kwa wanunuzi wa Mlowo. Barabara ile unaijua, ina vipandio vya kukutoa roho ukiwa na gunia nyuma. Basi wabeba mizigo wote tulikuwa tunadandia malori. Lori linalopanda mlima na shehena ya kutoka Zambia linakwenda polepole, unalifuata, unashika bomba la nyuma kwa mkono mmoja, na mkono mwingine uko kwenye usukani. Walikuwa wanaanguka kila mara kwa sababu ya huo mkono mmoja. Na mimi nikajiona nina akili kuliko wao.

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea pale Mlowo, akanikunjia kipande cha nondo kikawa ndoano. Nikakifunga kwa kamba ya katani kwenye shingo ya usukani. Lori likikupita unaitupia ndoano kwenye bomba, kamba inakaza, na mikono yako yote miwili iko huru. Unapandishwa mlima kama bwana mkubwa. Mara ya kwanza wenzangu walinicheka. Baadaye wakaja kuuliza imekunjwaje. Wakaanza kuniita injinia, na nakuambia ukweli, jina lile lilinilevya kuliko pombe. Nilikuwa naitwa injinia mbele ya watoto wangu na nilipenda mlisikie.

Ndoano ile ilikuwa na kasoro moja. Ilikuwa haichomoki mpaka kamba ilegee. Kwenye kipandio lori lenye mzigo linakwenda kwa kusitasita, kamba inalegea kila mara, unachomoa bila shida. Kwa hiyo nilimfundisha Erasto achomoe kabla lori halijafika kileleni. Kwamba akichelewa afanye nini, hilo sikumfundisha, kwa sababu nilikuwa sijalifikiria. Hata kisu cha kukatia kamba sikumpa. Jembe nilinunua jipya mwaka ule, redio nilinunua, kisu cha kumwekea mwanangu kwenye usukani sikukiona kuwa ni kitu cha kununua.

Siku ile goti lilikuwa limeanza kunisumbua, nikamtuma yeye peke yake na kahawa kidogo. Ukalia unataka kwenda kuona viatu madukani. Mama yako akasema, "Mtoto abaki." Nikamwambia asinifundishe mambo ya baiskeli. Ni mimi niliyekunyanyua nikakuweka kwenye keria, nikakuambia umshike kaka yako kiunoni.

Lori alilolipata lilikuwa tupu. Kwa nyuma yalikuwa yanafanana, turubai lile lile, vumbi lile lile. Lori tupu halisitasiti, linavuta tu. Kamba haikulegea. Walipokaribia kilele dereva akabadilisha gia, likachanganya mwendo. Erasto alikuwa anavuta ndoano kwa mkono mmoja na kuongoza kwa mwingine, ndicho kitu kile kile nilichodhani nimemwondolea. Akakupigia kelele, "Sekela, ruka! Ruka sasa hivi!" Ukaruka. Lile kovu la kiwiko chako ndilo la siku ile. Yeye akavuka kilele na lori, na upande wa pili ni mteremko mrefu. Mengine siyaandiki. Ulikimbia kwa miguu yako mpaka pale kabla ya mtu yeyote, na uliyaona.

Mimi nililetwa na pikipiki ya jirani. Dereva wa lori alikuwa amekaa chini ya gurudumu analia, mtu mzima, anarudia kusema hakujua kama kuna mtu nyuma. Mwanangu alikuwa amefunikwa kitenge cha mama nisiyemfahamu. Wewe ulikuwa umepakatwa na mtu, damu mkononi, hulii. Sikuja kwako. Nilikwenda nyuma ya lori. Kwa kuwa lilikuwa limesimama, kamba ilikuwa imelegea, ndoano ikachomoka kwa vidole viwili. Nikaikata kamba kwenye usukani, nikavifunika vyote kwa koti kabla askari hawajafika. Kabla ya kwenda kumchukua Erasto hospitali nilipita nyumbani nikavitumbukiza chooni.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama kidogo. Mama yako amechungulia mlangoni akauliza, "Umefika wapi?" Nimemwambia nimefika chooni. Akarudi jikoni. Yeye nimemwambia juzi, baada ya miaka yote hii. Nilitegemea atapiga kelele hadi kwa jirani. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Mwambie mtoto kabla hajaondoka. Mimi usiniambie tena." Tangu hapo chakula ananiwekea, na hilo swali la mlangoni ndilo neno lake la kwanza kwangu. Kwa hiyo ukiona kesho hatuongei, usidhani ni kwa ajili ya safari yako.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Msibani shangazi yako alisema mbele ya wanawake wote, na sauti yake unaijua haizuiwi na ukuta, "Mtoto akiruka kwenye keria, baiskeli lazima iyumbe. Angetulia tu pale nyuma, kaka yake angekuwa hai." Ulikuwa umekaa chini karibu na magoti ya mama yako, mkono umefungwa bandeji. Niliwaona wanawake wakikugeukia. Mama yako alikuwa hasikii kitu siku zile. Mimi nilikuwa nje na wanaume, dirisha liko wazi, nilisikia kila neno. Ningeweza kusimama. Nilinyoosha miguu nikaomba kiberiti.

Ngoja nikuambie kwa nini, usije ukadhani ni huzuni iliyonifunga mdomo. Watu walipokuwa wanazungumza juu ya kuruka kwako, hakuna aliyeuliza baiskeli ilikuwa imefungwa kwenye lori kwa kitu gani. Hao walionitazama nikiikunja kamba walidhani ni ya kufungia mzigo, na kwamba Erasto alishika kwa mkono kama wengine. Wenzangu wa barabarani waliojua habari ya ndoano, nao walikuwa na zao nyumbani, hawakutaka iulizwe. Nilikuacha wewe ulibebe, mtoto wa darasa la pili, kwa sababu lilinipunguzia mimi.

Na ubaya wake ni huu, kwamba nilijua hakika kuwa siyo kweli. Baada ya maziko alikuja yule mama anayeuza viazi kando ya barabara pale juu. Alikuwa amekaa hapo hapo siku ile. Akaniambia, "Baba Erasto, nasikia watu wanamsingizia yule mdogo. Mimi niliona. Aliporuka, baiskeli haikuyumba hata kidogo, ilinyooka tu inamfuata lori. Kijana alikuwa anahangaika na kitu mbele pale kwenye usukani. Na alimwambia mwenyewe aruke, nilisikia kwa masikio yangu. Asingeruka mngezika wawili." Nikamshukuru. Nikampa kahawa. Kisha nikamsindikiza mwenyewe mpaka barabarani ili asiingie ndani kumsalimia mama yako.

Kuna siku wewe mwenyewe uliniuliza. Tulikuwa tunachagua kahawa kwenye kichanja, sisi wawili, msimu uliofuata. Uliniuliza bila kuniangalia, "Baba, nisingeruka, kaka angekuwepo?"

Nilikujibu, "Kachote maji."

Ulikwenda. Ndoo ilikuwa imejaa, nadhani uliiona, lakini ulikwenda. Hukuuliza tena. Shuleni wenzako walikuwa wanaruka kamba na wewe ulikuwa mshika kamba tu, mwalimu wako alisema wewe ni mtoto mpole. Mtoni wenzako wanaruka jiwe kwa jiwe, wewe unapita majini unalowa. Mimi nilikuwa naona. Nilikuwa naona kila kitu, Sekela, na nilikuwa nasema moyoni kwamba utakua utasahau. Kocha wako alipouliza unaogopa nini, nikasema sijui, nikanywa soda.

Basi sikiliza, na usome polepole. Kuruka kwako hakukumwangusha kaka yako. Kaka yako aliuawa na ndoano yangu na ujinga wangu wa kupenda kuitwa injinia. Wewe ulifanya kitu kimoja alichokuomba katika nafasi ya mwisho aliyokuwa nayo ya kuomba, na ulikifanya mara moja, bila kuuliza, mtoto mdogo kiasi kile. Nadhani alikuona umetua. Nimejishikiza hapo miaka yote, kwamba aligeuka akakuona umetua salama. Yule mama wa viazi anasema aligeuka.

Sasa vile viatu. Wiki iliyopita ulipokwenda kusuka, nilivichukua nikajifungia navyo ghalani na baiskeli yako. Nilikishika kiatu kwa mkono nikakikandamiza kwenye pedali mpaka kikalia. Nikavuta juu, hakitoki. Jasho lilinitoka, nikataka kuita mtu. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa unamwelekeza mdogo wa jirani, nikazungusha kisigino nje, kikaachia chenyewe. Nikakifunga tena. Nikafungua. Nilikaa ghalani mchana kutwa nafunga na kufungua mpaka mkono ukauma, mzee mzima, nikiwa nalia kwa sauti, bahati nzuri mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma kwa jirani. Kwa nguvu yoyote utakayovutwa, ukizungusha kisigino kinaachia. Aliyebuni hicho kiatu alifikiria siku ya kutoka. Mimi nilifikiria kupanda tu. Kwa hiyo vivae, hata hapa getini. Nilichokisema siku ile nakifuta.

Halafu ulikuwa unamsomea mama yako sheria zenu, kwamba ni kosa kumfuata mwenzako kwa karibu ukajificha upepo nyuma yake, kwamba waamuzi wanapita na pikipiki kuwatoza adhabu wanaofanya hivyo. Mama yako akasema sheria ya ajabu. Mimi nikatoka nje, ukadhani nimechoshwa. Nilikwenda kusimama kwenye mibuni. Nilikuwa nawaza kwamba kuna mahali duniani ambapo watu wazima wamekaa wakaandika kwamba mtu apande mlima wake kwa miguu yake. Laiti ningelikuwa na mtu wa kunitoza adhabu mapema.

Huko baharini hakuna mlima kama wetu, wanasema ni joto na upepo wa mbele. Utapitwa mwanzoni na watu wenye baiskeli nzuri kuliko yako, na utaona kama umeshindwa. Mimi kwenye barabara ile niliharakia kila kipandio kwa sababu nilitaka kuonekana, nikafika juu sina kitu kilichobaki, ndiyo maana nikaanza kutafuta wa kunivuta. Ningeenda taratibu kwa nguvu zangu, ningechelewa Mlowo, basi. Kuchelewa Mlowo hakukuwahi kumuua mtu. Kahawa ingenunuliwa kwenye jua la saa tisa kama kwenye la saa nne.

Sikuombi unisamehe kwa barua, ni rahisi mno. Ukitaka kunifokea piga simu, nitapokea, na sitakuambia mtandao unasumbua. Shangazi yako nitamwendea mwenyewe Jumapili, na waliokuwepo msibani ambao bado wako hai nitawaambia mmoja mmoja. Wataniona vibaya, na waone. Wewe umeonwa vibaya muda mrefu kuliko mimi.

Kesho sitakuja Tunduma. Mama yako atakupeleka, mimi nitasimama hapa barabarani basi likipita. Mkimaliza Vwawa na kukaribia Mlowo, mtapanda kile kipandio na kushuka upande wa pili. Najua huwa unafumba macho pale, nilikuona tulipokwenda Mbeya. Kesho usifumbe. Upande wa kushoto juu pale yule mama bado anauza viazi, amezeeka sasa. Huna haja ya kufanya chochote, mtazame tu, ujue kuna mtu alikuona.

Barua hii nitaiweka leo usiku ndani ya kofia yako ngumu, kwa sababu kocha amesema hairuhusiwi kugusa baiskeli kabla hujaivaa na kuifunga kidevuni, kwa hiyo kesho asubuhi ukiitoa baiskeli kuipeleka stendi utaiona.

Nasikia mnyororo wako unakuja njiani. Malori yamejaa barabarani leo na tangu umeondoka nimekuwa nasikiliza kila honi. Umefika getini. Umefunga breki. Umesimama kabisa, mguu mmoja chini, wa pili chini, umetulia, ndipo unashuka. Mbwa amekuja kukulaki na mama yako anakuuliza siti namba ngapi. Ninakuangalia kwa dirishani, na ninajua kwamba kila mara unaposhuka hivyo unakuwa bado uko kwenye ile keria, umetulia kama shangazi alivyotaka, ukijaribu kumwokoa.

Ameshakwenda, mwanangu. Huwezi kumshikilia kiunoni tena, wala hakutaka umshikilie.

Ukifika kwenye ule mstari, na umati unapiga kelele, na mwenzako wa kukimbia amenyoosha mkono anakungoja, zungusha kisigino, toa mguu. Siku ile uliruka vizuri. Kaka yako alisema uruke, na leo baba yako naye anasema, kwa kuchelewa kote huku: ruka.

Baba yako